Kabla ya Kununua Pampu, Fuata Waya

Gari likizima kwenye mpando kati ya mji wa Embu na Manyatta, likakataa kuwaka tena ingawa stata inazungusha injini sawasawa, halikosi wa kulihukumu. Mpita njia wa kwanza atasema pampu ya mafuta imekufa, na wa pili atamwitikia. Fundi akishuka kwenye bodaboda anakuta kesi imeshaamuliwa, na swali lililobaki kwa mwenye gari ni moja tu: anataka pampu mpya au ya mtumba kutoka Japani? Mimi napinga uamuzi wa namna hiyo. Sisemi kwamba pampu hazifi. Nasema kwamba pampu ya mafuta katika gari la miaka mingi ndiyo kituo cha mwisho cha njia ndefu ya umeme, na kila ungio lililo njiani laweza kuinyima umeme na kuleta dalili zilezile za pampu iliyokufa. Anayenunua pampu kabla ya kupima umeme unaoifikia ikiwa kazini anacheza bahati nasibu kwa fedha zake mwenyewe.

Umri wa nyaya zenyewe ni sababu ya kwanza ya kuzishuku. Kiwango cha KS 1515 cha mwaka 2000, ambacho husimamiwa na Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, hakiruhusu gari lililotumika kuingizwa nchini likiwa limepitisha miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Wengi huishia kwenye hesabu hiyo ya bandarini, wakasahau inayofuata. Gari lililoshuka Mombasa likiwa na miaka 7, kisha likahudumu miaka 12 kati ya Embu, Runyenjes na Siakago, lina nyaya za miaka 19. Katika muda huo limebadilishiwa tairi mara kadhaa, breki, bushi, betri, pengine hata injini nzima. Nyaya hakuna aliyezigusa, isipokuwa mtu wa redio na mtu wa alamu, na huyu wa alamu nitamrudia. Mazingira ya sehemu hizi nayo si ya upole. Mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba hurusha matope hadi chini ya tanki. Kiangazi hurusha vumbi laini la murram linaloingia kila penye upenyo. Katika magari mengi ya jamii ya Toyota Corolla na Fielder, plagi ya pampu iko chini ya kiti cha nyuma, chini ya kifuniko kidogo cha bati. Ndani ya gari linalobeba mitungi ya maziwa asubuhi na magunia mabichi jioni, kila kinachomwagika huteremkia hapohapo. Na gari linalolala karibu na ghala la mahindi lina panya wake, na panya hawabagui waya wa taa na waya wa pampu.

Kwa nini basi lawama huangukia pampu na si waya? Nadhani ni urithi wa magari ya zamani zaidi. Peugeot 404 na 504, pamoja na Datsun ndogo za kubebea mizigo, kwa kawaida zilikuwa na karbureta, na nyingi zilitumia pampu iliyofungwa ubavuni mwa injini na kusukumwa na injini yenyewe. Pampu hiyo haikuwa na waya hata mmoja. Ikikataa, fundi alifungua bolti mbili, akatazama ngozi ya ndani kama imepasuka, na jibu lilikuwa mkononi mwake. Kwa gari la namna hiyo, kushuku pampu moja kwa moja kulikuwa busara tupu. Lakini magari ya injekta yalibadilisha mambo. Injekta zinataka petroli yenye msukumo mkubwa, kiasi cha baa 3 katika injini nyingi ndogo za Kijapani, na msukumo huo hutolewa na mota ya umeme iliyozama ndani ya tanki. Pampu ilihama kutoka mikononi mwa fundi wa injini ikaingia katika himaya ya fundi wa umeme. Mazoea ya kuhukumu hayakuhama nayo.

Tuifuate njia yenyewe. Umeme hutoka betri, ukapita kwenye fyuzi, mara nyingi ya ampea 15 au 20, ukafika kwenye rilei. Rilei ni swichi inayofunguliwa na kufungwa na umeme mwingine mdogo, na huo mdogo hutegemea swichi ya ufunguo pamoja na kompyuta ya injini. Kutoka kwenye rilei, waya husafiri chini ya zulia au kando ya mlango hadi nyuma, ukaingia kwenye plagi ya tanki, ukaizungusha mota, kisha ukarudi kupitia waya wa athi uliofungwa kwa skrubu kwenye bodi. Jambo ambalo wenye magari wengi hawajaambiwa ni kwamba kompyuta hairuhusu pampu kuendelea kufanya kazi mpaka ipate habari kuwa injini inazunguka, na habari hiyo huletwa na sensa, mara nyingi ile ya krenki. Sensa hiyo ikifa, pampu nzima kabisa itakaa kimya tangini. Pampu itabadilishwa, na mpya nayo itakaa kimya vilevile. Ndiyo maana hata ule ushahidi unaoaminiwa kuliko wote, wa kutega sikio nyuma ya gari mtu mwingine akiwasha ufunguo, haumalizi kesi. Magari mengi huiendesha pampu sekunde moja au mbili ufunguo unapowashwa ili kujaza msukumo. Baadhi ya Toyota za zamani hazifanyi hivyo, bali husubiri stata ianze kuzungusha. Kimya cha gari la namna hiyo si dalili ya ugonjwa, ndivyo lilivyoundwa.

Katika njia hii kuna kilichowekwa na kiwanda na kuna tulichoongeza sisi wenyewe, na binafsi ningeanza upekuzi kwa hiki cha pili. Alamu ya wizi huwekwa kwa kukata waya mmoja muhimu na kuingiza rilei katikati. Mara nyingi waya huo ni wa pampu au wa swichi. Gari lililonunuliwa kwa mkopo hufungwa chombo cha kulifuatilia, nacho huweza kuwa na uwezo wa kulizima kwa mbali kupitia waya uleule. Kwa magari ya abiria kuna kidhibiti mwendo, kilicholazimishwa na kanuni za mwaka 2003 za waziri John Michuki zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, na aina fulani za vidhibiti hivyo hufanya kazi kwa kubana mafuta. Gari la miaka 19 likiwa limepitia kwa wamiliki watatu, huenda lina alamu mbili zilizokufa na chombo kimoja cha ufuatiliaji kisicholipiwa tena, vyote vikining'inia chini ya dashibodi kwenye maungio yaliyosokotwa kwa vidole na kufunikwa kwa utepe mweusi. Utepe huo gundi yake huyeyuka kwa joto, shaba ikabaki uchi, unyevu ukaingia, kutu ya kijani ikafuata. Mtu anayekata kauli kuhusu pampu bila kuinama kuangalia hapo, kauli yake haina uzito.

Sasa tufike kwenye kiini cha hoja, kwa sababu hapa hata fundi mwangalifu hudanganywa. Fundi anachomoa plagi ya pampu, anaweka mita, mita inasoma volti 12, anasema: umeme upo, kwa hiyo pampu imekufa. Maneno hayo yanasikika kama sayansi, lakini yana shimo. Mita ya umeme imeundwa makusudi isinywe umeme. Inavuta kiasi cha sehemu moja hivi ya milioni ya ampea. Waya uliooza mpaka ukabakiwa na uzi mmoja wa shaba kati ya ishirini utapitisha kiasi hicho bila taabu, na mita itasoma 12 safi. Ni kama kupima nguvu ya maji kwenye bomba la shambani bomba likiwa limefungwa: kipimo kitaonyesha msukumo kamili hata kama mpira umezibwa na tope karibu wote, kwa kuwa hakuna maji yanayotembea. Fungua bomba, ndipo utaujua ukweli. Pampu huvuta ampea 4 hadi 7. Kupima waya wake bila mzigo ni kuuliza swali ambalo waya mbovu unaweza kulijibu vizuri.

Hesabu ya jambo hili ni ya Georg Ohm, Mjerumani aliyeichapisha mwaka 1827, na haihitaji zaidi ya kuzidisha. Chukua plagi yenye kutu inayokinza umeme kwa nusu ya omu tu, na pampu inayotaka ampea 6. Zidisha: volti 3 zinapotea hapo. Injini inayotembea huwa na kama volti 13.5 kwenye betri, kwa hiyo pampu inabakiwa na 10 na ushei. Pampu inazunguka, lakini polepole. Gari linawaka, linanguruma vizuri likiwa limesimama, linateremka bila tatizo hadi mto Rupingazi. Likianza kupanda na abiria saba, injini inadai petroli zaidi, pampu haina pumzi, gari linakohoa na kuzima. Fundi akisikia maelezo hayo atasema pampu imechoka, na kwa hakika dalili ni za pampu iliyochoka. Lakini zidisha tena: volti 3 kwa ampea 6 ni wati 18 za joto ndani ya plagi ndogo ya plastiki, karibu sawa na balbu ya indiketa. Ndiyo sababu plagi za pampu huonekana zimebadilika rangi kuwa kahawia, au zimeyeyuka upande mmoja. Ukiona hivyo, ukaweka pampu mpya kwenye plagi ileile, umelisha ugonjwa mgonjwa mwingine.

Kipimo cha kweli, basi, ni kile kinachofanywa umeme ukiwa kazini. Njia ya bei rahisi kabisa ni balbu. Balbu ya indiketa ya wati 21 huvuta karibu ampea 2. Ya taa ya mbele ya wati 55 huvuta zaidi ya ampea 4, karibu sawa na pampu yenyewe. Iunganishe mahali pa pampu, msaidizi azungushe stata, na uitazame. Ikiwaka kwa mwanga kamili, njia ni nzima. Ikiwaka kama mshumaa, au isipowaka kabisa huku mita ilikuwa imesoma 12, waya umekiri. Lazima nionye hapa: balbu kubwa kama hiyo ni ya waya wa pampu tu. Usiiweke kwenye nyaya nyembamba za kompyuta, maana unaweza kuunguza kilichokuwa kizima. Mwenye mita anaweza kufanya jambo bora zaidi. Pampu ikiwa inazunguka, ncha moja iwe kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye waya wa chanya unaoingia kwenye plagi ya pampu. Mita itasoma volti zinazopotelea njiani. Nusu volti inavumilika, volti nzima si ya kuvumilia. Kisha rudia upande wa hasi: ncha moja kwenye waya wa athi wa pampu, nyingine kwenye hasi ya betri. Upande huu wa kurudi hupuuzwa mno, ilhali skrubu moja iliyoshika kutu chini ya kapeti huweza kufanya yote niliyoyaeleza hapo juu, na tiba yake ni msasa, skrubu safi na grisi kidogo.

Kabla hata ya kufika nyuma, kuna hatua moja inayookoa muda kuliko zote, nayo ni kuanzia katikati ya njia badala ya mwisho wake. Chomoa rilei ya pampu kwenye kisanduku chake. Kati ya matundu yake kuna mawili mapana: moja lina umeme wa betri kutoka kwenye fyuzi, jingine linaelekea tangini. Unganisha hayo mawili kwa kipande cha waya chenye fyuzi ya ampea 15. Pampu ikinguruma, mara moja umeiondolea tuhuma kubwa, yenyewe pamoja na waya wake wa nyuma na athi yake. Tatizo liko upande wa mbele, kwenye rilei, swichi, alamu, sensa au kompyuta. Isiponguruma, na tundu la betri lina umeme, tatizo liko kati ya hapo na tanki. Kwa sekunde chache umeligawa gari nusu mbili na kuitupa moja. Rilei nayo hupimwa bila kununua kitu: magari mengi yana rilei nyingine ya umbo na namba ileile, kwa mfano ya honi, na unaweza kuzibadilishana kwa muda. Katika Honda za miaka ya 1980 na 1990, rilei kuu ilijulikana kwa kupasuka risasi ya ndani. Gari lilikataa kuwaka likiwa limepigwa na jua, likawaka jioni. Kwa Ford na Land Rover za aina fulani kuna jambo jepesi zaidi: swichi ya usalama inayokata pampu gari linapogongwa, na shimo kubwa la barabarani huweza kuifyatua. Huko tiba ni kubonyeza kitufe.

Hitilafu inayokuja na kwenda ndiyo inayowatajirisha wauza spea, kwa sababu kila unachobadilisha huonekana kimetibu mpaka gari lizime tena wiki ijayo. Pampu mbovu na waya mbovu hufanana kabisa hapa, maana vyote viwili huharibika vikipata joto na kupona vikipoa. Hata hivyo, kuna njia ya kuvitofautisha. Unganisha balbu ndogo ya wati 5 kwenye nyaya mbili za pampu, ipitishe kwa waya mrefu hadi mbele, ibandike penye dashibodi, kisha endesha gari kama kawaida. Siku litakapoanza kuzima, tazama balbu kwanza. Ikiwa bado inang'aa huku injini inakata, umeme ulifika na pampu haikuutumia. Nenda kanunue pampu kwa moyo mkunjufu. Ikiwa imefifia au imezima kabla ya injini kufa, pampu haina kosa. Sijui kifaa kingine cha bei hiyo kinachotoa ushahidi wa uhakika namna hiyo, na nashangaa kukiona mara chache.

Najua majibu yatakayotolewa. La kwanza ni la fundi mzoefu: miaka ishirini ya kazi imempa sikio, na gari likigongwa chini ya tanki kwa kiatu likawaka, yeye anajua. Namkubalia kwa sehemu. Kugonga tanki huamsha mota ambayo brashi zake zimeisha, na dalili hiyo ni nzito kweli. Lakini kishindo hichohicho hutikisa plagi iliyo juu ya tanki, na plagi iliyolegea hushika kwa muda. Jibu la kishindo linahitaji kuthibitishwa na balbu, na kazi hiyo ni ya dakika kumi. Jibu la pili ni la hesabu: muda ni fedha, pampu ya mtumba haigharimu sana, basi kuweka nyingine ndiyo kipimo chenyewe. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama kubadilisha pampu kungekuwa hakuachi alama. Ukweli ni kwamba tanki la gari kuukuu likifunguliwa, vishikizo vya plastiki vilivyokauka huvunjika, mpira wa kuzuia mvuke hupanuka usirudi mahali pake, na mabomba huanza kuvuja. Pampu ya mtumba nayo ina umri wake usiojulikana. Ukiiweka na gari lisiwake, huwezi kusema kama waya ni mbovu au umenunua pampu mbovu ya pili. Umeongeza mashaka badala ya kuyapunguza. La tatu ni kwamba siku hizi kuna mashine ya kusoma makosa. Ipo, na ni nzuri, ila katika magari mengi ya umri huu kompyuta huagiza tu rilei ifunge. Haijui kama volti 13 au 9 zilifika nyuma. Mashine kukosa kuonyesha kosa haimaanishi waya ni mzima.

Upande wa pili nao usemwe kwa haki. Pampu hufa, na sisi wenyewe huziua. Mota hiyo hupozwa na petroli inayoizunguka, na kila tarehe 14 ya mwezi, mamlaka ya nishati, EPRA, inapotangaza bei mpya, wapo wengi wanaoamua kuishi na taa ya njano mpaka mambo yawe nafuu. Pampu inayofanya kazi tanki likiwa karibu kukauka hupata joto na kuvuta takataka za chini. Ikiwa volti zimefika zote kwenye plagi, athi ni safi, na pampu bado ni kimya au msukumo uko chini, ibadilishe bila kusitasita. Tena volti pungufu si kosa kila mara: Subaru zenye turbo, kwa mfano, zina kifaa kinachopunguza mwendo wa pampu injini ikiwa haina kazi nzito, kwa hiyo kila gari lipimwe kwa vipimo vyake. Hoja yangu haiitetei pampu kwa gharama yoyote. Inataka tu zamu yake ya kushtakiwa ije baada ya waya.

Kuna tiba moja ya mitaani ambayo sina huruma nayo, nayo ni kuvuta waya wa moja kwa moja kutoka betri au swichi hadi kwenye pampu, ukiruka rilei na kompyuta. Gari huwaka, mteja hufurahi, na kwa muda fulani hakuna anayeona ubaya. Lakini ile tabia ya kompyuta ya kukata pampu injini isipozunguka haikuwekwa kwa urembo. Gari likipinduka au kugongwa na bomba la petroli likakatika, injini huzima, na pampu ya kawaida huzima nayo. Pampu yenye waya wa moja kwa moja itaendelea kumwaga petroli juu ya injini ya moto, kwa msukumo wa baa 3, abiria wakiwa bado wamefungwa mikanda. Mbaya zaidi ni waya huo ukikosa fyuzi, au fyuzi ikiwa imebadilishwa kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Anayekuwekea kitu hicho kama dharura ya kufika nyumbani aambiwe ahsante, na kesho yake kitolewe. Kwa usalama huohuo, kila kipimo kilichotajwa hapa kifanywe tanki likiwa limefungwa, milango wazi, bila sigara karibu, na hakuna ncha za nyaya zinazoguswa na kutoa cheche mahali penye harufu ya petroli. Panapotoka harufu hiyo, acha kazi kwanza utafute inakotoka.

Lawama kubwa, hata hivyo, siielekezi kwa mafundi. Mwenye gari wa kawaida hulipa bila kulalamika kwa kitu anachoweza kushika mkononi, lakini fundi akimwambia alitumia saa mbili akifuata waya na akabadilisha skrubu moja, anaona ametapeliwa. Katika soko la namna hiyo, fundi anayepima hufa njaa na anayebadilisha hushiba. Kama tunataka wapimaji, tulipie upimaji kama kazi kamili, bei yake ikitajwa kabla ya chombo chochote kufunguliwa, na ilipwe hata kama kosa litapatikana kwenye athi ya shilingi kumi. Sheria nayo iko upande wa mteja kuliko wengi wanavyodhani: Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012 ina sehemu nzima kuhusu ukarabati wa magari, inayogusa makadirio ya gharama kabla ya kazi na kurudishiwa vipuri vilivyotolewa. Basi ukiambiwa pampu imekufa, uliza volti ngapi zilifika kwenye plagi yake injini ikizungushwa. Asiyekuwa na namba ya kukujibu hajapima. Mwombe apime, umlipe, ndipo mzungumze bei ya pampu. Na ikibidi inunuliwe, usiondoke gereji bila ile ya zamani.